Afisa wa Jeshi Huanzia kwenye Hisabati: Mafunzo kutoka Nachingwea na Ruangwa

Vijana wengi wa sekondari hutamani kuwa maafisa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Wengi wao hujiandaa kwa kukimbia alfajiri na kuimarisha misuli. Maandalizi hayo ni ya lazima, lakini ni nusu ya kazi. Muombaji hupimwa afya na uwezo wa mwili, na vyeti vyake vya masomo huchunguzwa. Akifika Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi, Monduli, atatakiwa kusoma ramani, kukadiria umbali na kuelewa mitambo. Atakapokuwa kazini, maisha ya askari walio chini yake yatategemea usahihi wa hesabu zake.

Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, zina historia na mazingira yanayoweza kumfundisha kijana jambo hili kuliko maelezo marefu.

AMRI BILA VIPIMO

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika. Lengo lilikuwa kulima mashamba makubwa sana katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ilipangwa kama vita. Mmoja wa wasimamizi wake wakuu alikuwa mwanajeshi, Meja Jenerali Desmond Harrison, na baadhi ya matrekta yalitengenezwa kutokana na vifaru vilivyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili.

Nidhamu na zana zilikuwapo. Kilichokosekana ni vipimo. Uchunguzi wa awali ulifanywa kwa majuma machache tu, na mvua na udongo havikuchunguzwa vya kutosha. Kule Kongwa udongo wa mfinyanzi uligeuka mgumu kama tofali wakati wa kiangazi, na jembe likashindwa kuupenya. Mwaka 1951 mpango ulifutwa baada ya kuteketeza pauni zipatazo milioni 36. Reli iliyojengwa kutoka pwani hadi Nachingwea ilifungwa mwaka 1962. Haraka haraka haina baraka, na amri, hata ikitolewa na jenerali, haibadili tabia ya udongo.

DARASA LA FARM 17

Ardhi hiyohiyo ilishuhudia mfano wa pili. Kuanzia miaka ya 1960, mahali panapoitwa Farm 17, Nachingwea, palikuwa kambi kuu ya mafunzo ya wapigania uhuru wa FRELIMO. Samora Machel, aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa kamanda, alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Wapiganaji wengi walikuwa wamenyimwa elimu na utawala wa Kireno. Kwa hiyo masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu yalikwenda pamoja na mafunzo ya silaha na kazi za shambani. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Leo jina la Farm 17 limebaki katika shule ya sekondari.

KUPIMA UMBALI KWA RULA

Elimu inayotakiwa si ngeni kwa mwanafunzi wa kidato cha pili au cha tatu. Duara lenye nusu kipenyo cha meta 1,000 lina mzingo wa meta 6,283 hivi, yaani 2 × 3.1416 × 1,000. Wanajeshi hugawa duara katika vipande vidogo viitwavyo mili. Baadhi ya majeshi hutumia mili 6,400 na mengine 6,000, kwa kuwa namba hizo hugawanyika kwa urahisi na ziko karibu na 6,283. Kwa hiyo kitu chenye upana wa meta 1, kikiwa umbali wa kilometa 1, huonekana kwa pembe ya takriban mili 1. Kanuni yake ni hii: umbali kwa kilometa ni sawa na upana kwa meta, ukigawanywa kwa mili.

Rula ikishikwa sentimeta 50 kutoka jichoni, kila milimeta 1 ni sawa na mili 2. Goli la mpira lina upana wa meta 7.32. Likionekana kuchukua milimeta 36.6 za rula, pembe yake ni mili 73.2, na umbali wake ni kilometa 0.1, yaani meta 100. Jaribio hili halihitaji maabara. Linahitaji uwanja, rula, kamba ya kuhakikisha jibu na mwalimu aliye tayari kutoka nje na darasa lake.

Ramani nayo hudai uangalifu huohuo. Katika ramani ya skeli 1:50,000, sentimeta 2 ni kilometa 1. Ikiwa ndani ya sentimeta hizo mistari ya kontua inaonyesha mpando wa meta 100, mteremko ni 1 kwa 10. Afisa asiyeweza kufanya hesabu hiyo atayapeleka magari yake mahali yasipoweza kupanda.

KINYWE CHA RUANGWA

Wilaya ya Ruangwa ina madini ya kinywe, ambayo ni kaboni. Ndani ya kinywe kila atomu hushikana na atomu tatu nyingine na kufanya matabaka, na elektroni yake ya nne huweza kusafiri katika tabaka hilo. Ndiyo maana kinywe hupitisha umeme, na matabaka yake huteleza na kuacha alama karatasini. Madini haya hutumika katika betri za lithiamu, zikiwamo za redio za mawasiliano. Kwa betri, nyaya, balbu ndogo na kiini kifupi cha penseli, mwanafunzi anaweza kuthibitisha jambo hilo mwenyewe.

UAMUZI WA KIDATO CHA PILI

Hatari kubwa kwa kijana mwenye nia hii huja mapema kuliko anavyodhani. Baada ya kidato cha pili wengi huacha fizikia na kemia, na kuivumilia hisabati kama adhabu. Tangu siku hiyo milango ya uhandisi wa medani, urubani, mawasiliano na utabibu wa kijeshi huanza kufungwa, wala hapigi mtu hodi kumwarifu. Ukomo wa umri wa waombaji hausubiri aliyechelewa kurudia mitihani.

Basi ratiba ya alfajiri na igawanywe: mbio kwa ajili ya mapafu, na maswali machache ya hisabati kila siku, yaandikwe hatua kwa hatua na jibu lihakikishwe kwa kipimo. Hata yule ambaye hatachaguliwa kuvaa sare atabaki na elimu hiyo, na taifa litamhitaji kwenye mgodi, kwenye daraja na darasani.