Blekjeki: Kusalimu amri si uoga, ni hesabu

Kwenye blekjeki, ule mchezo wa karata wa kasino ambapo unasaka 21 bila kuivuka, meza nyingine hukuruhusu kusalimu amri. Unapata karata zako mbili, unaona moja ya mgawaji, na mambo yakikaa vibaya unajitoa na nusu ya dau lako.

Wengi hawagusi kanuni hii. Mbele ya mabeste, nani anataka kuitwa mwoga? Lakini hebu piga hesabu. Umeweka Sh100, una 16, mgawaji ana 10. Ukiongeza karata, kwa wastani unapoteza kama Sh54. Ukijitoa, Sh50. Umeokoa Sh4, basi. Kasino bado iko mbele yako.

Halafu kuna wale wakiona 10 ya mgawaji tu, hao! Wametoka mbio hata wakiwa na 12. Hapo wameliwa. Ile 12 ukiicheza, hasara ya wastani ni kama Sh38, na wewe umetoa Sh50 kwa hiari yako. Jitoe ukiwa na 16 dhidi ya 9, 10 au A, au 15 dhidi ya 10. Kama 16 yako ni 8 mbili, zitenganishe ucheze.

Kule Atlantic City, Marekani, kasino ya kwanza ilipofunguliwa 1978, mchezaji aliweza kujitoa hata kabla mgawaji hajaangalia kama ana 21. Waliojua hesabu waliifaidi hadi kanuni hiyo ikafutwa 1981. Siku hizi kwa kawaida mgawaji huangalia kwanza. Akiwa nayo, dau lote limeenda.