Shahada ya Hila ni Wizi

Mwezi wa Oktoba 1961, chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa na wanafunzi 13 wa sheria, ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Tangu hapo elimu ya juu imekuwa amana ya wananchi, na hata leo wanafunzi wengi husoma kwa mikopo ya fedha za umma.

Kwa hiyo twasema wazi: anayenunua tasnifu, anayenakili kazi ya mwenziwe kwa siri, au anayeiachia mashine imwandikie, hamdanganyi mwalimu tu, amwibia mkulima na mfanyakazi. Kesho atakabidhiwa daraja alijenge na wagonjwa awatibu. Daraja halisomi cheti.

Kutumia maandishi ya mwingine si kosa. Kosa ni kumficha mwenyewe. Nao walimu wawaulize wanafunzi kwa mdomo juu ya waliyoyaandika. Aliyeyatolea jasho hatashindwa kuyaeleza.

Ndugu wanafunzi, njia ya mwongo ni fupi. Wananchi wamekwisha lipa. Wanangoja ujuzi, si karatasi.