Je, Wajua? Oda Moja Hutawanywa Kabla ya Kukusanywa

Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Mulago, tofauti na vituo vidogo vya afya vya Uganda ambavyo hupelekewa maboksi ya dawa yaliyopangwa kwa mfano mmoja, huagiza yenyewe kutoka Bohari ya Taifa ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1993. Katika bohari za dawa oda moja hugawanywa kwanza, kwa kuwa insulini hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, mofini hufungiwa kwa kufuli, na katoni za dripu hupangwa juu ya palati. Kisha mafungu hayo hukutanishwa kwenye eneo la ukusanyaji, yaani sakafu ambako kila bidhaa hulinganishwa na orodha. Ugumu wenyewe uko hapo: boksi moja likikosekana, shehena nzima huweza kukwama, huku insulini ikitolewa baridini mwisho kabisa.