MKANDA WA JESHI, MTAA UKAHUKUMU!

MWENZENU nimeaibika. Mjomba wangu, mchuuzi wa dagaa pale mwaloni Kirumba, alipotokwa na mkanda wa jeshi ubavuni, mtaa mzima ulishamaliza kesi: "Huyo ndo basi tena, kakanyaga miwaya." Na mimi niliamini, msomaji. Nikawa hata kikombe chake nakiosha mara mbili.

Akapima Ukimwi mara tatu, hana. Kifua kikambana, nimonia, akapona, nimonia tena. Bandama ikavimba. Zahanati moja ikawa inampa dawa za malaria tu, wengine wakasema kichocho. Siwalaumu sana, huku ziwani kichocho kimevimbisha bandama za wengi.

Mambo yaliwekwa wazi Bugando, ile hospitali ya kilimani iliyofunguliwa 1971. Picha ya damu ikaonyesha chembe nyeupe 90,000, wakati mtu mzima huwa na kama 4,000 hadi 11,000. Saratani ya damu, aina ile sugu, inayokwenda polepole na kupenda wazee.

Hapo nikauliza swali la kijinga: chembe nyeupe si ndo askari wa mwili? Sasa mwenye askari lukuki anauguaje kila mara? Daktari akacheka. Akasema hao ni kama askari hewa, kwenye daftari wamejaa, lindoni hayupo hata mmoja. Wanajazana kwenye uboho, wanawabana wazima, kingamwili zinapungua. Virusi vya tetekuwanga aliyougua utotoni, ambavyo miaka yote vilikuwa vimelala kwenye mishipa ya fahamu, vikapata mwanya. Kumbe mkanda wenyewe ndo huo!

Kibaya zaidi, jeshi likichanganyikiwa huweza kuwageuzia mtutu wenyeji. Mwezi uliofuata mjomba akawa macho njano, mkojo kama chai ya rangi, ngazi tatu tu anahema. Kinga yake ilikuwa inavunja chembe nyekundu zake mwenyewe. Akapewa prednisoloni, damu ikapanda taratibu.

Saratani yenyewe? Kwanza inaangaliwa tu kwa vipimo, maana aina hii isipokuwa na makali huweza kukaa miaka bila dawa. Mimi nilihamaki, yeye akatulia. Ila ameambiwa homa ikipanda ni mbio hospitali, siyo kumeza panadol na kulala.

Juzi nimemkuta mwaloni anabishania bei ya dagaa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja kuosha vikombe?"

Kumbe alikuwa ananiona.