Mwulize Kijana wa Mnyuzi Alisikiliza Nini Jana

Wanaotaka kuanzisha jarida la muziki kwa vijana wa miaka 13 hadi 19 hukimbilia kubishania jalada: awekwe Diamond Platnumz au Zuchu? Suala hilo lingoje. Kwanza ijulikane nyimbo zinamfikiaje msomaji, na fedha ya kununulia nakala itatoka mfukoni mwa nani.

Utafiti huo ningeuanzia Mnyuzi, wilayani Korogwe, badala ya Dar es Salaam. Hapo ndipo reli ya Tanga inapoungana na njia ya kwenda Ruvu, na mashamba ya mkonge ya ukanda huo yalileta manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka mbali. Wasambaa, Wabondei na Wazigua wamechanganyika na wajukuu wa wageni hao. Kijana anayekutana na ngoma ya mdumange harusini na singeli kwenye sabufa ya kibanda cha chipsi hatoshei katika hojaji inayomtaka achague aina moja ya muziki.

Hata swali lenyewe, "unapenda muziki gani?", silipendi. Mwanafunzi akiulizwa mbele ya mwalimu atataja kile anachodhani mwalimu atakiridhia. Mwulize habari za jana: wimbo wa mwisho aliusikia wapi? Kwa simu ya nani? Bando alinunua nani, na nani alichagua wimbo? Mambo ya jana ni magumu kuyapamba. Msichana anayesikia redio ya kaka yake huku anaosha vyombo, na mvulana anayeingiziwa nyimbo kwenye memori kadi, wanaweza kutaja msanii yuleyule, lakini ni wasomaji wawili tofauti kabisa. Kwa sababu hiyo wasichana wazungumze peke yao, katika kundi la watu sita hadi wanane, wakiongozwa na dada asiyewazidi sana umri. Na kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, mzazi aombwe ridhaa kwanza.

Tusiishie shuleni. Femina, jarida la vijana lililoanza 1999 na baadaye kuitwa Fema, limejenga wasomaji wake hasa katika shule za sekondari. Mwaka 2003 shirika lililolichapisha lilianzisha Si Mchezo! kwa vijana wa vijijini walio nje ya shule, kwa Kiswahili chepesi na picha nyingi. Naona huo ndio uamuzi ambao utafiti unapaswa kuutoa: kukubali kwamba "vijana" si kundi moja, hata ikibidi kuchapa majarida mawili.

Karatasi bado ina nafasi, maana simu haziruhusiwi shuleni. Huenda wanafunzi wakayataka mashairi ya nyimbo kuliko habari za mastaa. Hilo lipimwe, na vibali vya wenye kazi viombwe mapema.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni toleo la majaribio. Nakala ziachwe wiki mbili, kisha zikusanywe na kukaguliwa: ukurasa upi umechakaa, upi umechanwa ukabandikwa ukutani, upi haujaguswa. Bei nayo isiulizwe kwa mdomo, kwani wengi watajibu kwa adabu. Nakala chache ziuzwe dukani karibu na stesheni ya Mnyuzi kwa bei moja, nyingine Handeni mjini kwa bei tofauti, na mwenye duka aandike nani alinunua na nani aliishika akairudisha.