Maji yanapokatwa mara mbili: vipimo vya koltani Masisi na bati Walikale

Katika machimbo ya Rubaya, wilayani Masisi, bei ya mfuko wa koltani hutokana na namba mbili: uzito unaosomwa kwenye mizani, na kiwango cha tantali kinachosomwa na kifaa cha eksirei chenye umbo la bastola. Mizani kila mtu anaielewa, na asiyeiamini anaweza kuupima mfuko wake mahali pengine. Ugomvi uko kwenye ile bastola. Namba hutokea kwenye kioo kwa sekunde chache, na aliyebeba mfuko hana cha kuilinganisha nayo.

Chukua mfano wa mfuko wa kilo 50 ambao asilimia 10 ya uzito wake ni maji. Ukikaushwa zinabaki kilo 45, na tantali ikiwa asilimia 30 ya hizo, mchimbaji anapaswa kulipwa kilo 13.5. Kifaa kikielekezwa kwenye mchanga mbichi, kioo huonyesha karibu asilimia 27, kwa kuwa maji yamechukua nafasi ya madini. Hapo bado hakuna aliyeibiwa: asilimia 27 ya kilo 50 ni kilo zilezile 13.5. Hasara huanza mnunuzi anaposoma 27 kwenye mchanga mbichi, kisha akakata kilo 5 za maji kwenye mizani. Sasa hesabu yake ni kilo 12.15. Maji yamekatwa mara mbili, na sehemu moja ya kumi ya malipo imeondoka bila mtu yeyote kuchezea mizani.

Kifaa pia hukosea chenyewe, hasa kikiwa kimeandaliwa kwa ajili ya madini ya aina nyingine au sampuli isiposagwa vizuri. Fundi hukirekebisha kwa unga ambao maabara imethibitisha kiwango chake. Unga mmoja hautoshi, kwani kifaa kinachosoma sawasawa kwenye asilimia 10 kinaweza kupotoka kwenye 35.

Upande wa Walikale, kwenye bati la Bisie, upo ukaguzi usiohitaji maabara. Kasiterite safi kabisa haiwezi kuzidi asilimia 78.8 hivi ya bati, kwa kuwa kinachobaki ni oksijeni. Kifaa kinachosema 82 kimekosea, hata aliyekishika awe nani.

Mafundi wa vinu vya nyuklia wanalijua tatizo hili. Katika vinu vya maji kama vile vya Koeberg, karibu na Cape Town, vipimo vya nyutroni hupotoka kadiri mafuta ya kinu yanavyotumika. Husahihishwa kwa kulinganishwa na joto halisi, linalokokotolewa kutoka kwa mtiririko wa maji na halijoto yake. Lakini kipimo cha maji nacho kikishika uchafu husoma mtiririko mkubwa kuliko ulivyo, na kosa lake huhamia kwenye chombo kilichosahihishwa kwa namba hiyo.

Na mionzi yenyewe haiko mbali na Masisi. Koltani hubeba urani na thori kwa asili, na shehena inayozidi bekereli 10 kwa gramu husafirishwa chini ya kanuni za vitu vyenye mionzi. Kosa rahisi kuliko yote ni kupima mionzi ya kawaida ya mazingira ndani ya ghala lililojaa mifuko, kisha kuiondoa kwenye hesabu. Shehena huonekana salama kuliko ilivyo, na wapakiaji huilalia njiani.

Kwa upande wa serikali ya Kongo, CEEC ndiyo hutathmini madini, OCC husimamia vipimo, na CGEA hushughulikia mionzi. Lakini Rubaya, inayokadiriwa kutoa asilimia 15 ya tantali ya dunia, iliangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Aprili 2024. Mji wa Walikale nao ulitekwa Machi 2025, kabla ya waasi kuondoka mwezi uliofuata, na mgodi wa Bisie ulisimama kwa wiki kadhaa.

Katika biashara kubwa ya madini, sampuli hugawanywa mara tatu: ya muuzaji, ya mnunuzi, na ya tatu hufungwa kwa lakiri ili maabara isiyo na upande iamue wakitofautiana. Kwa mwenye mfuko mmoja Rubaya, gharama ya maabara hiyo inaweza kuupita mfuko wenyewe. Anachoweza kudai palepale ni sampuli ikaushwe kwanza, au maji yasikatwe kwenye mizani.