Mkonge na Maisha ya Manamba

Katika vijiji vya Korogwe na Muheza wapo wazee wenye asili ya Kigoma, Songea, hata Msumbiji, waliozeekea kwenye kambi za mashamba ya mkonge. Wengi hawana hata ekari ya kurithisha. Maelezo ya haraka huwa kwamba walikunywa mishahara yao wakasahau kwao. Kwa huyu au yule yaweza kuwa kweli. Lakini imekuwaje maelfu ya watu wasiofahamiana wakaishia palepale?

Mwanasosholojia wa Marekani, C. Wright Mills, aliandika mwaka 1959 kwamba maisha ya mtu hayaeleweki bila historia ya jamii yake. Tumfuate basi kijana wa Kiha kutoka Kigoma, wa zama za Mwingereza. Serikali ilimdai kodi ya fedha taslimu. Mwenzake wa Kilimanjaro alikuwa na kahawa ya kuuza. Kigoma ilikuwa imeachwa iwe chimbuko la vibarua, na reli ilishafika tangu 1914. Alichokuwa nacho cha kuuza ni nguvu zake. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, chombo cha kuandikisha manamba, yaani vibarua wa mkataba, na kuwasafirisha hadi Tanga. Aliamua mwenyewe kupanda treni, ndiyo, ila wa Kilimanjaro hakulazimika kuamua hivyo.

Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Kisha nyuzi za viwandani zikateka soko la kamba duniani. Wako wanaolaumu utaifishaji wa 1967 peke yake. Uendeshaji mbovu uliumiza kweli, lakini bei zilianza kuporomoka kabla ya Azimio la Arusha lililoleta utaifishaji huo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa kama tani 20,000 tu. Korona, yaani mashine za kuchakata mkonge, zikazimwa, na mkata mkonge akabaki kwenye nyumba ya shamba, juu ya ardhi ya shamba, na ujuzi usio na mnunuzi. Hata asiyeonja pombe maishani alifika hapo.

Haya yana uzito leo. Serikali imewahi kufuta hati za mashamba yaliyotelekezwa mkoani Tanga na kuwagawia wananchi ardhi. Pale orodha ya wanaogawiwa inapoandikwa, mjukuu wa manamba akiulizwa kwao ni wapi, naamini ana haki ya kujibu kuwa ni hapohapo, kwa kuwa babu yake aliletwa ili shamba hilo liwepo.